Uyoga Mchungu Kwenye Sufuria ya Wifi

Haya alinisimulia Audronė mwenyewe, jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa mjini Kaunas. Ilikuwa vuli iliyopita, tumekaa kwenye ngazi za uani tukisafisha uyoga wake, kila mmoja na kisu chake. Hakuwa na haraka, na mimi sikumharakisha. Kila alipofika pahala panapouma, niliona vipande vyake vinazidi kuwa vyembamba.

Mliosoma wiki iliyopita mnakumbuka tulipowaacha. Audronė na mumewe Vygantas wametimiza miaka thelathini ya ndoa, wakatia mizigo kwenye gari lao kuukuu, wakashika njia ya kusini, nchi ya misonobari. Mchana watembee msituni, usiku walale vijijini, kama wachumba. Safari ilikuwa tamu mpaka Audronė aliposema wapitie mahali pa mama yake.

Mahali pa uyoga hapatajwi. Mama humwonyesha binti, basi. Marehemu Bronislava, mama yake Audronė, hata kasisi aliyemuungamisha kitandani hakumwambia.

Audronė alipofika alikuta pamekwanguliwa kwa reki. Vile vijani laini vyeupe vinavyotanda chini ya misonobari kama godoro vilikuwa vimefumuliwa mpaka mchanga uko nje. Uyoga uliokuwa ndiyo kwanza unachipua umekanyagwa. Na kwenye miti zimefungwa tepe nyekundu za kuonyesha njia.

Watu wawili tu duniani walipajua pale: yeye, na mumewe aliyeonyeshwa mwaka mama alipozikwa.

Aligeuka akamtazama Vygantas. "Umemwambia nani?"

"Dada."

"Dada yupi?"

"Kwani mimi nina madada wangapi, Audronė?"

"Nataka jina. Litoke kwenye mdomo wako."

"Liucija."

Audronė hakupiga kelele. Aliinama, akajaribu kukifunika kiuyoga kimoja kwa vile vijani, kama mama yake alivyomfundisha, kiachwe kikue. Kilikuwa kimeshavunjika shingo.

"Alikuwa analia," Vygantas akaanza. "Nyumba yake ya wageni imekaa tupu majira yote ya joto. Akaniuliza kama kuna pahala pazuri pa kuwatembeza watu. Ulimi ukateleza."

"Misonobari yote ya nchi hii, ulimi wako ukateleza ukaja kuangukia hapa."

"Ni msitu wa serikali, mke wangu. Si shamba la mama yako."

Hilo hakupaswa kulisema. Audronė alijipangusa magoti, akatabasamu.

"Washa gari."

"Turudi nyumbani?"

"Turudi kwa lipi? Wifi yangu katualika chakula cha mchana. Unataka nimdharau?"

Vygantas alimjua mkewe. Akifoka, nyumba ina amani. Akiwa na adabu, mtu atafute pa kujificha.

Walishika barabara ya mchanga, misonobari huku na huku. Walipofika bondeni, penye miti ya kivuli kizito na ardhi ya majimaji, Audronė akagonga dirisha.

"Simamisha."

"Kuna nini tena?"

"Haja ndogo. Au na hiyo utakwenda kumwambia dada yako?"

Akaingia kwenye miti. Hakutafuta sana. Uyoga ule unapenda sehemu kama zile, na watu huuacha hapo hapo ulipo. Ukiutazama kwa haraka ni uyoga mfalme mtupu, ule unaogombewa na kila mwenye kikapu: kofia ya kahawia, mguu mnene. Lakini uinamie vizuri. Chini ya kofia una wekundu wa mbali, na mguuni una nyavu nyeusi. Huo ndio uyoga nyongo. Hauui mtu wala haumlazi hospitali. Kazi yake ni uchungu. Mmoja tu ukiingia kwenye sufuria, sufuria nzima imekwisha.

Akaulamba kwa ncha ya ulimi kuhakikisha. Akatema mate, akatema tena. Akaufuta vizuri na kuutia mfukoni mwa koti.

Liucija aliwapokea getini na skafu shingoni, pua nyekundu kama ya mlevi.

"Wifi yangu! Karibuni, karibuni! Mbona umekonda hivyo, kaka yangu hakulishi?"

"Ananilisha sana, wifi. Leo hii kanilisha jambo mpaka sasa halijashuka."

Liucija akacheka, akakohoa, akampiga kaka yake mgongoni. "Msinibusu, nina mafua. Nilinyeshewa msituni, tangu hapo sisikii harufu wala ladha. Nakunywa chai, nakunywa maji ya moto, kwangu ni yale yale. Haya, mke wa kaka, njoo jikoni unisaidie. Leo ndiyo siku yenyewe."

"Siku ya nini?"

Liucija akashusha sauti. Kulikuwa na mama mmoja anakuja kula, Bi Teklė, wa chama cha watembea misituni. Chama kile kinatengeneza njia ndefu ya miguu kupita misitu yote ya kusini, watu watembee kijiji hadi kijiji na mabegi yao. Nyumba inayopitiwa na njia haikosi wageni. Bi Teklė akiridhika na mapokezi, njia itapita getini kwa Liucija, kisha ipande juu.

"Juu wapi?" Audronė akauliza.

"Kuna msitu mzuri huko, wifi, sijui nikuambieje. Chini kweupe kama umetandika shuka. Nimeugundua mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Peke yangu, na kikapu changu."

Audronė akamtazama Vygantas. Vygantas alikuwa anatazama viatu vyake.

Hapo ndipo Audronė alipoelewa hatari iliyobaki. Reki ni kitu kidogo. Ile ardhi, ukiiacha ikapumzika, inajifunika tena. Lakini njia ikishapita juu yake, viatu kutwa, mwaka baada ya mwaka, mahali pa Bronislava pamekwenda. Na mlaji mmoja tu ndiye wa kuamua, kwa sahani moja.

Jikoni palikuwa na beseni la uyoga mfalme. Audronė aliujua kabla hajaushika. Ulikuwa na mguu mnene, mweupe, na chembe za mchanga ule mwepesi. Wa mama yake huo.

"Chukua kisu, wifi. Mikono miwili inachelewa."

Msituni mtu atakunyima njia, lakini kwenye beseni la uyoga hakuna mwanamke anayefukuzwa. Unakaa, unapewa kisu, unasafisha. Liucija aligeuka kukoroga vitunguu. Mkono wa Audronė ukaenda mfukoni. Kisu kikafanya kazi. Vipande vikachanganyika na vipande, na hata yeye mwenyewe hakuweza tena kusema upi ni upi.

Vikaingia vitunguu, ikaingia krimu chachu, jikoni kukanukia vizuri ajabu, maana uchungu ule hauna harufu.

"Nionjee, wifi," Liucija akamnyooshea kijiko. "Mimi leo ni sawa na kuni. Chumvi imefika?"

Audronė alikipokea kijiko. Asingeweza kukataa. Akakitia mdomoni, na macho ya wifi yake yako kwake.

Aliniambia ilikuwa kama kulamba betri. Ulimi ulijikunja, masikio yakapata moto, machozi yakaja mpaka mlangoni. Akameza.

"Vipi?"

"Wifi," akasema, "usiongeze kitu."

Bi Teklė alifika na gari lenye matope, mama mfupi, viatu vya safari, madoa ya rangi nyeupe kwenye mikono ya shati. Akavua viatu, akaviacha kwenye buti la gari, wazi, vipate hewa, akaingia kwa soksi.

"Samahanini kwa rangi hizi," akasema. "Tunapaka msitari mweupe kwenye miti. Ukiugusa kabla haujakauka unakuaibisha mbele ya kijiji kizima. Ukishakauka, hautoki mpaka mti ufe."

"Na hapa kwangu utapaka leo?" Liucija akauliza.

"Nikishiba, nitapaka pale njia panda, upande wa kulia, tupande juu. Labda mwenzangu awe amepita jana akapaka upande mwingine. Huyo hasemi na mtu. Nikikuta kapaka, basi, namfuata yeye. Hatupaki njia mbili."

Wakakaa. Viazi, mkate mweusi, sufuria katikati. Liucija akapakua kwa mkono mpana, akaanza kula mwenyewe, anatafuna kwa raha kama anakula mawingu.

Vygantas akatia kijiko cha kwanza. Kikakaa mdomoni. Akamtazama mkewe, polepole, na Audronė akaona kwamba ameshajua kila kitu, mpaka haja ndogo ya bondeni.

"Vipi, kaka?" Liucija akauliza. "Mbona umeganda?"

Vygantas akameza. "Nimekumbuka mbali."

"Mwongeze, wifi," Audronė akasema. "Mume wangu ana aibu ugenini."

"Sihitaji..."

"Usikatae chakula cha dada yako." Akamjazia mwenyewe, kijiko juu ya kijiko, uyoga ukafika ukingoni mwa sahani. "Kula, mpenzi. Leo ni sherehe yetu."

Vygantas alikula. Angefanyaje? Akisema, dada yake anamtoa mkewe nje kwa ufagio. Akinyamaza, anateketea. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Kisha na yeye akashika upawa.

"Na wewe, mke wangu. Sahani yako naiona kavu."

"Mimi nimeshiba kwa kuonja."

"Hapana, hapana. Miaka thelathini, nile peke yangu?" Akampakulia kilima. "Tena hiki kipande kikubwa. Hiki nimekuchagulia."

"Asante, mume wangu."

"Karibu, mke wangu."

"Wanavyopendana hawa!" Bi Teklė akasema.

Basi wakala, wanatazamana, kijiko kwa kijiko, kila mmoja akisubiri mwenzake ateme kwanza. Hakuna aliyetema.

Lakini shabaha ya Audronė haikuwa mumewe. Mumewe alikuwa faida ya juu. Aligeuka kumwangalia Bi Teklė, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anapuliza kijiko chake.

Kikaingia. Audronė akaacha kutafuna.

Bi Teklė akafumba macho.

"Mungu wangu," akasema.

"Kuna kitu?" Liucija akashituka.

"Mama, umepika nini hapa? Nimekula uyoga nchi nzima. Huu sijawahi!" Akachovya mkate. Akaomba aongezwe. Akapangusa sahani mpaka ikang'aa, akaomba tena.

Audronė akaweka kijiko chini. Alikuwa ameshasikia kwamba wapo watu, wachache, ambao ulimi wao haujui uchungu ule hata kidogo. Kwao uyoga nyongo ni uyoga tu. Maisha yake yote hajawahi kukutana na hata mmoja. Amekutana naye leo, mezani kwa wifi.

"Mnauokota wapi?"

"Huko juu ninakokuambia," Liucija akasema, pua juu. "Njia itapita katikati kabisa."

"Basi limekwisha hilo. Nikipumzisha tumbo kidogo, naenda kupaka."

Alikwenda kwenye kiti cha uvivu kibarazani, kwenye jua, na hakuchukua muda akaanza kukoroma kama trekta linalokataa kuwaka. Liucija, kwa furaha, alijimiminia kinywaji cha asali cha kutibu mafua, akajimiminia cha pili cha kumshukuru Mungu, akajilaza kwenye benchi la jikoni, skafu usoni. Na yeye usingizi ukamchukua.

Audronė alimkuta mumewe kwenye gari, mlango wazi, kashika tumbo.

"Nilijua tangu kijiko cha kwanza," Vygantas akasema.

"Nimeona."

"Ukanilisha sahani mbili."

"Mbona ulikula?"

"Ningesema, angekufukuza mbele ya mgeni."

"Mahali pa mama ulipasema bila shida. Uyoga tu ndio umekushinda kuusema?"

Vygantas akafanya kitu ambacho Audronė hakukitegemea. Akacheka, kicheko kibaya, kifupi.

"Ulimi wangu haukuteleza."

"Unasemaje?"

"Nasema haukuteleza. Nilimwambia Liucija nikiwa na akili zangu. Nilimchorea na ramani kwenye kitambaa cha meza." Akafuta jasho. "Kila vuli, Audronė. Wewe na mama yako mnachukua vikapu, mimi naambiwa kaa kwenye gari. Mvua, kaa kwenye gari. Nimeendesha usiku kucha kuwaleta, kaa kwenye gari. Mama yako alikuwa anageuka nyuma mara kwa mara kuona kama nawafuata, kama mimi ni mbwa atakayekwenda kuchafua. Wanaume wa kijijini wakipita wananigongea kioo: 'Dereva, mabosi wametoka?' Ujana wangu umeishia kwenye kiti hiki."

"Nilikuonyesha."

"Baada ya yeye kuzikwa! Alipokuwa hai ungenionyesha?"

Jibu walilijua wote.

"Siku ile niliyomwambia Liucija nilipiga mluzi mpaka nyumbani," Vygantas akasema. "Nilitaka na wewe siku moja usimame nje, uone watu wengine wanaingia."

Upepo ulipita juu ya misonobari. Kibarazani, Bi Teklė alikata koromo moja katikati, akameza mate, akaendelea.

Audronė aliniambia kwamba alipomsikiliza mumewe pale alimwonea huruma. Alikuwa anaijua ile sura ya mumewe nyuma ya kioo chenye ukungu, miaka yote hiyo, na hakuwahi hata siku moja kuishusha moyoni. Angeweza kumshika mkono. Lakini akifumba macho aliona reki.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Vizuri. Sasa kaa kwenye gari."

Akamwacha pale. Akaenda kwenye gari la Bi Teklė, buti liko wazi vile vile. Kopo la rangi lilikuwa kati ya viatu, burashi juu yake. Akavichukua chini ya koti, akatoka getini, hakukimbia.

Njia panda, kulia ni kupanda juu, kwa mama. Kushoto ni kushuka mtoni, kuvuka daraja, na kupita mlangoni kwa Petronėlė, mwenye vyumba vya wageni na yeye. Petronėlė na Liucija hawajasalimiana tangu ugomvi wa kuku. Audronė alisimama akapima kwa macho, na kwa mara ya kwanza siku ile mdomo ukawa mtamu.

Akapaka mti wa kushoto msitari mweupe mzuri. Akapaka unaofuata, na unaofuata, mpaka darajani. Wa mwisho aliupaka kwenye nguzo ya uzio wa Petronėlė, karibu na kibao cha vyumba, kisha akarudi kinyumenyume akiitazama kazi yake. Ungeapa kapaka mwenzake Bi Teklė, yule asiyesema na mtu.

Kilichobaki ni kukauka tu.

Alirudisha kopo, akarudisha burashi. Vygantas alikuwa amelala kwenye usukani, mdomo wazi, amekaa pale pale alipoambiwa. Nyumba yote ilikuwa inakoroma, kila mmoja kwa sauti yake. Audronė akaingia kwa upande wa abiria, akafunga mlango taratibu, ndipo akaona vidole vyake.

Vilikuwa vyeupe mpaka kwenye pete.

Akavisugua kwa leso, kwa mate, kwa ganda la mkate. Rangi ilisogea, haikutoka. Akajiambia: sitalala. Nitakaa macho, Bi Teklė akiamka nitaweka mikono mfukoni, nitamzungumzisha, nitamwomba hata anisimulie maisha yake, mpaka miti ikauke.

Jua la mchana lilikuwa linaingia kwa kioo cha mbele. Uchungu ulikuwa bado uko kooni, umetulia kama kitu kilichopata kwao. Kichwa kikaenda mbele, akakirudisha. Kikaenda tena. Mara ya tatu hakukirudisha. Mikono ikateleza ikakaa mapajani, imefunguka, vidole juu, mtu yeyote atakayepita kwenye dirisha lile avione. Audronė akalala.